Nilitamani Gitaa la Besi, Nikaletewa Ngozi Kwenye Kiroba

"Kuna mama wa kwaya kala ng'ombe wa mwenzake!"

Maneno hayo niliyasikia Jumanne, saa nne asubuhi, nikiwa nimeinama napalilia maharage.

Jembe likanitoka mkononi.

Aliyeleta habari ni Nailantei, mwenzangu wa sauti ya pili kwenye kwaya. Anauza shanga kwa watalii barabara ya kwenda geti la Ngorongoro, na kila asubuhi anapita kwangu kuchukua maziwa.

"Mama gani huyo?" nikamuuliza.

"Sijui. Wanasema mama wa kwaya tu. Alikuwa na ng'ombe wa kuwekeshwa, kamuuza, halafu kamwambia mwenyewe kwamba kafa."

"Nani kasema?"

"Nkai, Mungu wangu! Mimi nimesikia mnadani. Maneno ya mnadani yana mwenyewe basi?"

Akachukua chupa yake ya maziwa, akaondoka zake anaimba.

Mimi nikakaa chini kwenye matuta.

Jamani, sikukaa chini kwa sababu nilimjua huyo mama...

Nilikaa chini kwa sababu nilijua ni mimi!

Na kilichonichanganya kabisa ni hiki: nilikuwa bado sijamuuza. Nilikuwa ndo napanga. Sasa watu wamejuaje jambo ambalo bado liko kichwani mwangu?

Mama zangu, dada zangu, someni hii mpaka mwisho. Naandika nikiwa najisikia kinyaa, na kinyaa chenyewe ni cha kwangu mwenyewe.

Naitwa Marsela. Huku kijijini kwetu Daa wananiita Mama Basilisa. Mume wangu alishatangulia mbele za haki, nina binti mmoja, yuko kidato cha tatu.

Na mimi ndiye mpiga besi wa kwaya ya kigango chetu.

Ndiyo. Mwanamke. Gitaa la besi.

Alinifundisha marehemu kaka yangu. Wenzangu walipokuwa wanajifunza kusuka, mimi nilikuwa nakaa nyuma ya spika naangalia vidole vyake. Alipofariki, hakukuwa na mwingine. Nikavaa mkanda, nikapiga. Wazee wakanuna mwezi mmoja, wakazoea.

Lakini besi yenyewe ya kanisa... aisee. Ule uzi mnene umeshikiliwa na waya wa banda la kuku. Ukipiga noti ya chini inalia kama ng'ombe anayekunywa maji.

Siku moja uzi ukakatika katikati ya wimbo wa sadaka. Nikapanda gari hadi Karatu mjini kwa Silvanus kununua mwingine.

Silvanus ni fundi wa spika na magitaa. Ndiye anayetufungia mitambo kwenye harusi na sikukuu. Kila boma la huku anakofunga spika analijua, na kila zizi analiona.

Nikaingia dukani. Nikanyanyua macho ukutani.

Na hapo ndipo nilipopotea.

Lilikuwa limening'inia peke yake. Rangi ya kahawa isiyo na maziwa. Nyuzi tano, sio nne. Mbao yake imepigwa msasa mpaka mishipa ya mti inaonekana kama mishipa ya mkono wa mtu mzima.

"Hilo limetengenezwa kwa mkono Ulaya," Silvanus akasema. "Mgeni mmoja alikuja kupiga muziki kwenye hoteli za huko juu, hakutaka kurudi na mzigo. Karatu hii yote hakuna la pili. Arusha penyewe sijui."

"Zuri," nikasema.

"Shika."

"Hapana, mimi nimefuata uzi tu."

"Shika, mama. Kushika ni bure!"

Wapendwa... hakuna cha bure chini ya jua. Niulizeni mimi.

Akalichomeka kwenye spika. Nikapiga noti moja. Moja tu!

Vioo vya kabati la duka vikatetemeka. Mbavu zangu zikatetemeka. Ile sauti haikupita masikioni, ilipita miguuni, ikapanda, ikakaa tumboni kama chai ya moto siku ya baridi.

Nikajiona nilikuwa kiziwi miaka yote.

Nilirudi Daa bila ule uzi. Nilisahau kuununua!

Toka siku ile nikawa sio mtu. Nikishika jembe, vidole vinacheza kwenye mpini. Nikikamua, vidole vinatafuta noti kwenye chuchu za ng'ombe mpaka ananigeuzia kichwa kunishangaa.

"Ayo, ugali unaungua!" Basilisa ananipigia kelele. Kwetu ayo ndiyo mama.

"Nimesikia."

"Umesikia nini na moshi umejaa jiko zima? Unapiga besi kwenye mwiko!"

Akacheka. Na mimi nikacheka. Nilidhani ni mchezo.

Nikarudi dukani mara nne ndani ya wiki mbili. Mara nimefuata betri za tochi, na tochi yangu ni ya sola! Mara nimefuata bei ya maikrofoni, ya nini? Kila nikienda, nashika. Nikishika, napiga. Nikipiga, natoka pale nimelewa.

Mara ya nne nikamkuta Silvanus anakula utumbo wa mbuzi kwenye gazeti. Mafuta mpaka kwenye viwiko. Alipomaliza akachukua kipande cha uzi wa gitaa, akaanza kuchokonoa meno nao.

"Mama Basilisa. Mimi na wewe tunajuana. Sitaki hela yako."

"Hela yenyewe ninayo basi?"

"Ndiyo maana nasema siitaki." Akatema kitu pembeni. "Nataka ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Yule mwekundu wa zizini kwako. Mwenye maziwa."

"Yule sio wangu."

"Najua sio wako."

Akacheka, ule uzi bado uko katikati ya meno.

"Ndiyo maana namtaka yule."

Kwa wasiojua mambo ya kwetu niwaeleze kidogo. Sisi Wairaqw mtu haweki ng'ombe wake wote sehemu moja. Anampa huyu mmoja, yule wawili, amtunzie. Ugonjwa ukipita au ukame ukija, hapotezi wote. Wewe uliyewekeshwa, maziwa ni yako, mbolea ni yako. Ng'ombe na ndama sio wako.

Na hatangazwi! Jirani akiona ng'ombe zizini kwako, atajua ni wako. Hakuna karatasi, hakuna shahidi. Kuna neno lako tu.

Ikitokea amekufa, unampelekea mwenyewe ngozi. Ngozi ndiyo cheti cha kifo.

Yule mwekundu ni wa shemeji yangu Clemensi, mdogo wa marehemu mume wangu, aliyeniwekesha baada ya msiba. Anaishi Baray. Ukame ulipompiga, zizi lote lilikwisha, akabaki na huyo mmoja kwa sababu tu alikuwa kwangu. Mke hana, alifariki. Ana watoto watatu, na mategemeo yake yote ya kuanza upya yalikuwa yamesimama zizini kwangu yanacheua.

Nilitakiwa nimtemee Silvanus mate, nitoke.

Mnajua nilisema nini?

Nilisema: "Na ngozi je?"

Hilo swali linanichefua mpaka leo. Mtu asiyetaka haulizi ngozi!

Silvanus akafuta mikono kwenye suruali.

"Ngozi niachie mimi. Mwekundu ni mwekundu. Ikilowa, ngozi zote ni ndugu."

"Akigundua?"

"Nani? Clemensi? Yule atalia, atashukuru, ataondoka. Wote ndivyo wanavyofanya."

Wote... Hilo neno lilinipita. Masikio yangu yalikuwa ukutani kwenye gitaa.

"Nitafikiria," nikamwambia.

Siku tatu baadaye ndipo Nailantei akaniletea yale maneno ya mnadani.

Nilivyoyasikia nikaacha maharage, nikaacha jembe, nikapanda bodaboda moja kwa moja mpaka dukani.

"Silvanus! Umenisema kwa watu!"

"Mimi?" Akashika kifua. "Mama, mimi ni kaburi."

"Mnadani wanasema mama wa kwaya kala ng'ombe wa mwenzake! Na mimi hata kumgusa sijamgusa!"

Akaangalia chini. Halafu akatabasamu.

"Sasa sikiliza. Kama wameshasema umekula, si ule tu? Utasemwa bure na tumbo tupu?"

Mngekuwa nyinyi mngemjibu nini?

Mimi niliona ana akili.

Nawaambia ukweli, nilitikisa kichwa kukubali. Jina langu limeshachafuka, basi angalau nipate gitaa! Ndivyo tamaa inavyopiga hesabu zake.

"Anza kumuuguza kwa mdomo," Silvanus akasema. "Ng'ombe hafi ghafla. Lazima akohoe kwanza."

Kesho yake simu ikaita. Clemensi.

Kwenye simu huwa hatutaji ng'ombe. Tunasema mgeni.

"Shemeji, hamjambo huko? Basilisa hajambo?"

"Hatujambo. Watoto?"

"Wapo, wanasoma. Na mgeni wetu anaendeleaje?"

Mgeni alikuwa nyuma yangu. Mzima kama jiwe. Ananilamba kiwiko, ulimi kama msasa, anataka chumvi.

"Mgeni... anakohoa kidogo."

"Anakohoa?"

"Kidogo tu, shemeji."

"Toka lini?"

"Juzi."

Nikamsikia anavuta pumzi. Halafu mnajua aliniambia nini? Mtu aliyebakiwa na ng'ombe mmoja duniani?

"Pole sana, shemeji. Usijichoshe naye. Nikipata nauli nakuja na dawa. Nawe uangalie afya yako."

Ananipa pole mimi!

Simu ikakatika. Nikatema mate. Nikaenda mtungini, nikasukutua. Nikatema tena. Mdomo ulibaki na ladha kama nimelamba bati lenye kutu.

Ng'ombe bado ananilamba.

Hapo ndipo ningeacha, sio? Kinyaa chote kile.

Sikuacha. Ijumaa nilimwambia Silvanus aje.

Akaja saa nane mchana, Basilisa yuko shule. Pikipiki yake ilikuwa na mizigo miwili. Mgongoni amebeba begi jeusi refu, la gitaa. Nyuma ya kiti amefunga kiroba cha salfeti.

Kabla hajazima pikipiki, harufu ilishafika.

Mama yangu! Nimechinja kuku, nimezika mbwa, nimeosha maiti ya mume wangu. Harufu kama ile sijawahi. Ilikuwa nzito, tamu kidogo, inaingia mdomoni kabla ya puani. Mainzi ya kijani yanakizunguka kiroba kama harusi.

"Mbona inanuka hivyo?"

"Ngozi inanuka nini tena, marashi?" Akakishusha kiroba. Kikatoa sauti ya maji. "Nimeilowesha jana, nikaimwagia damu ya machinjioni ionekane ya leo. Kazi safi."

Halafu akatua lile begi jeusi kwenye benchi langu, taratibu, kama anayelaza mtoto.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ninapojichukia.

Mkono wangu mmoja ulifunika pua.

Mkono wangu mwingine ulifungua zipu ya begi.

Vyote kwa pamoja! Hewa yenyewe sivuti kwa ule uvundo, lakini vidole vinatafuta nyuzi. Nikaligusa. Baridi, laini. Inzi mmoja akatoka kwenye kiroba, akaja kutua kwenye ile mbao ya kahawa, akajipangusa miguu.

"Toa ngozi niione," nikasema.

"Ya nini? Mpelekee hivyo hivyo."

"Itoe. Clemensi ataifungua. Nisije nikaonekana mjinga."

Akaimwaga chini uani. Pwaa! Maji mekundu yakanirukia miguuni. Rangi ni yenyewe, nyekundu. Silvanus akaigeuza kwa mguu, anajisifu.

"Usiwe na wasiwasi na hii. Hii ina uzoefu."

"Uzoefu gani?"

Sikungoja jibu, kwa sababu nilikuwa nimeshaona.

Upande wa ndani, karibu na shingo, kulikuwa na mpasuko wa urefu wa kiganja. Umeshonwa. Mshono wa mbele na nyuma, mbele na nyuma, uzi wa kijani.

Uzi wa kijani wa sare za kwaya.

Ule mshono ni wangu!

Subirini niwaeleze, msichanganyikiwe.

Mume wangu alipoanza kuugua, mimi sikuwa na nafasi ya kuchunga. Nilikuwa na ng'ombe wangu mmoja, mwekundu vilevile. Nikamwekesha kwa Brigita, rafiki yangu, anayeongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya. Kwao majani hayaishi.

Mwaka jana kabla ya masika Brigita akaja analia. Ng'ombe kafa. Ngozi ilibebwa na Silvanus, nikajua ni mwenye pikipiki tu, amekodishwa. Nililia na Brigita. Tulikumbatiana! Nikampa na debe la mahindi kwa usumbufu.

Ile ngozi nikaishona pale ilipopasuka kwa uzi uliobaki kwenye sare, nikitaka nitandike kiti cha jikoni. Mvua ikaja, ikaanza kunuka. Silvanus akapita, akasema, "Nipe nikakutupie."

Nikampa. Nikamshukuru.

Na sasa hii hapa. Uani kwangu. Imekufa mara ya pili!

"Silvanus."

"Naam, mama."

"Ng'ombe wangu yuko wapi?"

Akaangalia ngozi. Akaangalia mshono. Nikaona rangi inamtoka usoni. Ngozi nyingi, wateja wengi, alishasahau hii ilipita kwa nani.

"Mama Basilisa, tuongee..."

"NG'OMBE WANGU YUKO WAPI?"

"Muulize Brigita! Mimi ni dalali tu! Yeye ndiye alitaka maikrofoni!"

Alikamata begi la gitaa, akaliweka mgongoni zipu haijafungwa, akawasha pikipiki. Shingo ya lile gitaa inachungulia nje wakati anaondoka. Ngozi akaniachia.

Nilikaa pale na mainzi.

Maikrofoni...

Brigita ana maikrofoni yake isiyo na waya, na spika yake nyekundu. Alisema katumiwa na kaka yake. Kila Jumapili anafumba macho, ananyanyua mkono, anaimba Mungu ni mwaminifu. Na mimi nyuma yake nampigia besi.

Mwaka mzima nampigia besi, yeye anaimbia ng'ombe wangu!

Nilitapika. Kweli kabisa, nilitapika pale pale uani.

Jumamosi ni siku ya mazoezi. Nilikifunga kile kiroba, nikakibeba kichwani mpaka kanisani. Njiani watu wananipisha, wanaziba pua. Nikaingia, kwaya nzima wapo, mwalimu wa kwaya yupo, Basilisa yupo anapanga vitabu.

Brigita ameshika maikrofoni.

Nikamwaga ngozi miguuni pake.

"Mama Basilisa! Umerukwa na akili?" mwalimu akaruka nyuma.

"Muulizeni Brigita hii ni nini!"

Brigita akaitazama. Akaona uzi wa kijani. Akashusha maikrofoni.

"Alinililia kwa ngozi hii mwaka jana," nikawaambia. "Kumbe ng'ombe wangu alimpa Silvanus apate hiyo maikrofoni mnayoisifia! Na ngozi ni ya kuzungushwa! Nilimpa na mahindi, jamani! Mahindi!"

Watu wakapiga kelele. Wengine wanaziba pua, wengine wanashika vichwa. Nikajisikia mkubwa. Nikajisikia msafi!

Nilikaa na usafi wangu kama dakika moja hivi.

Brigita akafuta macho. Sauti yake ikatoka ndogo kabisa.

"Ni kweli. Nilifanya. Shetani alinipata." Akanyanyua uso. "Lakini Mama Basilisa... hii ngozi umeitoa wapi?"

"Kaileta Silvanus."

"Kakuletea ya nini?"

Nikainama kuiangalia ngozi.

"Mimi niliipata kwa sababu nilikuwa na ng'ombe wa kumuua kwa mdomo," Brigita akasema. "Hii ngozi haimfuati mtu bure. Wewe ulikuwa unamuua wa nani?"

Jamani...

Kanisa zima lilinigeukia. Watu thelathini.

Ningeweza kudanganya. Ningesema nimeiokota, nimeinyang'anya, nilikuwa namchunguza Silvanus. Uongo ulikuwa umeshajaa mdomoni, umepangwa vizuri.

Nikamuona Basilisa. Ameshika vitabu vya nyimbo kifuani, ananiangalia, anasubiri niseme Brigita ni mwongo.

"Wa Clemensi," nikasema. "Nilikuwa namuua wa shemeji Clemensi. Kwa ajili ya gitaa."

Nailantei akapiga kofi pajani.

"Nkai! Kumbe mama wa kwaya ni wawili!"

Nilitoa simu pale pale, nikapiga mbele yao wote, nikaweka sauti ya nje.

"Shemeji, mgeni hakohoi. Hajawahi kukohoa. Nilikuwa nataka kumuuza, nikudanganye. Njoo umchukue."

Clemensi hakuuliza kitu. Alisema, "Nimesikia." Akakata.

Njiani kurudi nyumbani Basilisa alitembea mbele yangu, hakunisubiri. Tulipofika zizini akasimama.

"Ayo, na mimi ungeniambia kafa?"

"Ningekuambia."

"Na mimi ningelia."

"Najua."

"Ungeniacha nilie?"

Nikachukua ndoo ya kukamulia, nikaingia zizini.

Clemensi alikuja Jumatatu. Alimfungua ng'ombe mdomo, akamtazama macho, akampapasa mgongo mzima. Akaifungua kamba yangu shingoni, akaitundika kwenye mti wa zizi. Akamfunga kamba aliyokuja nayo.

"Asante kwa kunitunzia, shemeji," akasema.

Angenitukana ningepona.

Kwaya ilitusimamisha mimi na Brigita miezi mitatu. Wazee walimwamuru anilipe mtamba, akaleta kadogo, mbavu nje. Nilikapokea. Ningesema nini? Silvanus tulimshtaki kwa mwenyekiti wa kijiji, walipokwenda dukani wakakuta kufuli. Kila zizi la huku watu wanahesabu ngozi walizowahi kuletewa, wanakumbuka zilivyofanana.

Kwangu hakuna tena anayewekesha hata mbuzi.

Sasa naona mnataka kuniandikia "hongera mama, ulishinda jaribu". Msiniandikie. Mimi sikushinda jaribu. Nilichefukwa tu. Ile ngozi isingekuwa na uzi wa kijani, saa hizi ningekuwa napiga gitaa zuri kuliko yote Karatu, Clemensi analia Baray.

Na niwape ya mwisho, hii ndiyo mbaya kuliko zote. Juzi nilipita pale dukani. Nikachungulia dirishani kuona kama gitaa bado lipo. Ukuta mtupu. Moyo ukaniuma... na uliuma kwa ajili ya gitaa! Sio aibu, sio Clemensi. Gitaa!

Nikageuka nikatema mate kwenye vumbi, nikapanda gari nikaenda nyumbani.

Mama zangu, epukeni haya:

Usishike kitu ambacho huna uwezo wa kukinunua. "Nashika tu" haipo.

Usirudi dukani mara ya pili kwa kisingizio. Wewe mwenyewe unajua tochi yako ni ya sola.

Usifanye biashara na mtu anayekataa hela yako na kutaka cha mwenzako.

Ukisikia unasemwa kwa kosa ambalo hujafanya, usilifanye ili maneno yawe kweli.

Usimuuguze mnyama mzima kwa mdomo.

Ukiletewa ngozi, dai kichwa na kwato. Na ukatazame walipomzika, au uwaulize waliomla.

Usilie na aliyekuibia kabla hujauliza, na usimpe mahindi.

Usiende kumuaibisha mwenzako kabla hujajiuliza ulichobeba umekipataje.

Na usimwambie mtoto wako uongo ambao atakuja kuusikia mbele za watu.